Bi Sikuzani, Aliyetuanzisha Katikati ya Ukurasa

Ndugu na majirani mliokuja matangani, niwieni radhi nikisoma polepole. Mimi ni Kadidja, binti wa kaka yake marehemu. Nimepewa kumsomea shangazi yangu wasifu wake, na naogopa.

Marehemu Bi Sikuzani binti Mustafa alizaliwa Ujiji mwaka wa 1869. Baba yake aliwaandikia watu barua, naye alijifunza herufi za Kiarabu kwa kumshikia kidau cha wino. Za Kizungu alifundishwa ukubwani na karani mmoja, kwa malipo ya vitumbua. Alisema karani yule alikuwa na mwandiko mzuri na tumbo lisilo na haya.

Mwaka wa 1895 aliolewa na Asmani, fundi wa mitumbwi, wakahamia Rumonge pamoja na baba yangu. Mungu hakuwajalia mtoto, basi akachukua wa watu, akawafundisha kusoma. Sisi nyumbani tulisema Kirundi na mama na Kiswahili na baba, na wakubwa walisema watoto wa lugha mbili hawatasoma hata moja. Marehemu hakuwasikiliza. Alimwambia kila mtoto asimulie hadithi ya bibi yake, akaiandika ubaoni vilevile, kisha akampa mwenyewe aisome. Mtoto alicheka kumkuta bibi yake ubaoni, na kesho alirudi bila kuitwa.

Kitu kimoja alikichukia. Chuoni, kwa mwalimu wa Kurani, tulizoea kushika somo kwa moyo, tukalitiririsha macho yakiwa nje. Yeye aliweka kidole katikati ya ubao na kusema, "Anza hapa." Wengi tulikimbilia mstari wa kwanza.

Mwaka wa 1908 barua ya boma ililetwa Rumonge. Ile ya kabla yake ilituamuru tufyeke vichaka vya ufuoni kwa sababu ya ugonjwa wa malale, nami niliijua yote kwa moyo. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja na kiburi cha kunitosha. Marehemu hakuwapo, nikapewa mimi niisome. Nilisoma mstari wa kwanza, nikauona ni uleule, nikatiririsha uliobaki. Wanaume wakaenda kunoa mapanga. Marehemu akaja, akaweka kidole.

"Mutoto, anza hapa."

"Shangazi, sijui iko inasema nini."

Akaisoma mwenyewe. "Iko inasema tuhame. Siku tatu, kisha nyumba zote za ufuoni zichomwe."

Mumewe, Asmani, alikuwa amelala ndani kwa malale. Hakuamka hata akiitwa, na mlango ulikuwa umefungwa ili asisumbuliwe. Tulimbeba kwa machela hadi hapa Gatete, na siku ya nne tukaona moshi. Asmani alifariki miezi miwili baadaye, kitandani, mkono wake ukiwa mkononi mwa mkewe.

Marehemu hakunipiga kwa ajili ya barua ile. Alisema, "Kuogopa karatasi si kosa. Kosa ni kuiogopa mpaka usiisome."

Malale yalimpata yeye pia mwaka jana, 1913. Nilimsomea barua za Ujiji kila alasiri; alisinzia katikati, nami nikarudi mwanzo. Alifumbua jicho moja: "Hapo nimesikia. Endelea." Alifariki Ijumaa, tarehe 13 Machi 1914, kabla ya adhuhuri, nami nilikuwa nusu ya ukurasa.

Ameacha kaka yake Abasi, ndiye baba yangu, wifi yake Mariyamu, mimi, na wanafunzi kumi na tisa, wanaosoma na wanaojifanya wanasoma.

Jana barua nyingine ya boma ililetwa. Baba aliiweka chini ya mkeka mpaka mazishi yapite, na wote mnanitazama, kwani aliyekuwa akitusomea tumemzika. Tukishamwombea dua nitaifungua. Nitasoma mstari mmoja mmoja, polepole, na asiyenisadiki aweke kidole popote.

Shangazi, Mungu akupanulie kaburi. Pumzika kwa amani. Hapa nimesikia, naendelea.