Saksafoni Iliyopakwa Mafuta

Bwana apewe sifa, ndugu zangu, na apewe tena. Namshukuru mchungaji kwa nafasi hii. Mtaniruhusu niongee nikiwa nimeketi, maana mgongo wangu siku hizi haunipi ruhusa ya kusimama ibada nzima. Sina ushuhuda wa moto kushuka. Nina ushuhuda wa mtu aliyechoka sana, na Mungu hakumtupa.

Wengi wenu mnaniita mzee wa saksafoni. Nimepiga saksafoni ya alto hapa tangu siku zile mvua ikinyesha tunasogea wote upande mmoja kwa sababu mabati hayakutosha. Nimepiga kwenye harusi zenu na kwenye mazishi ya wazazi wenu. Chombo nilichokuwa nacho kilikuwa cha kujifunzia, cha bei ya chini, na vifuniko vyake vingine nilivikaza kwa mpira niliokata kwenye tyubu ya baiskeli. Sauti ikikwaruza nilikuwa na jibu tayari. Ni chombo, nilisema. Ni chombo tu.

Wapigaji wenzangu walikuwa na maoni yao. Baada ya mazoezi walikuwa wakija kwangu, mtaa wa Section 58, kunywa chai, na mara nyingi maneno yalikuwa hayo hayo. Elijah wa kinanda alikuwa akisema, "Mzee, siku utapata sax ya professional, hii Nakuru yote itakujua." Wafula, aliyepiga saksafoni katika bendi ya askari mpaka akastaafu, alikuwa akimkatiza. "Wacha kudanganya mzee wa watu. Sax kali inakunyima kisingizio. Ukikosea, utalaumu nani? Chai?" Tulicheka. Lakini Mungu aonaye moyoni anajua kwamba nilitamani.

Basi watoto wangu wakashauriana bila kuniambia, wakaninunulia. Haikuwa mpya. Walimpata bwana mmoja wa Salgaa aliyekuwa akipiga bendi huko na akaacha kwa sababu ya kifua. Lakini ilikuwa ya hali ya juu, ya wapigaji wa kazi. Jumapili ya kwanza nilipuliza kidogo tu, na sauti ikajaa kanisa bila mimi kuisukuma. Mama yenu, mke wangu, aliniambia tukirudi nyumbani, "Leo hujakohoa." Ndugu zangu, nilikuwa na furaha kama bwana arusi!

Halafu ikajulikana ilikotoka. Salgaa mnaijua: malori, malazi, na muziki wa baa. Mama Tabitha, kiongozi wetu wa maombezi, alinijia akiwa na mzigo moyoni. "Mzee, hiyo kitu imelilia walevi miaka mingi. Umeiombea?" Nilikuwa sijaiombea. Niliileta mbele mwenyewe, kwa mikono yangu miwili na kwa moyo mweupe. Mnakumbuka, maana wengi mlikuwepo. Tuliimba, tukakemea pepo, na mafuta ya zeituni yakamiminwa juu ya kila kifuniko, yakasuguliwa, mengine yakaingia kwenye mdomo wake mpana. Tulilia kwa shukrani. Nilienda nyumbani nikijua sasa ni safi.

Haikuchukua muda, ndugu zangu. Sauti za chini zikaanza kukataa. Nabonyeza, kifuniko kinang'ang'ania na kuchelewa kufunguka. Napuliza, inatoka filimbi badala ya noti. Nikapuliza kwa nguvu zaidi, kifua kikauma, kichwa kikauma. Na safari hii sikuwa na jibu. Chombo ni cha hali ya juu na kimeombewa. Kilichobaki ni mimi.

Hapo ndipo maoni yalipomiminika. Mmoja alisema sax ya namna hiyo inataka mapafu ya kijana, niiuze kwa mpigaji wa hoteli. Mwingine alisema chombo cha professional hakimfai mtu wa kanisa, kinaleta majivuno. Katika maombezi wengine wakasema pepo limekataa kutoka, ichomwe. Ndugu mmoja, sitamtaja, aliniuliza kwa upole, "Mzee, hakuna kitu unaficha?" Alinipenda, ndiyo maana aliuliza. Lakini neno hilo lililala nami, likaamka nami. Nilijichunguza mpaka nikachoka kujichunguza. Nilifunga, nikaomba, nikashika saksafoni, ikalia kama mbuzi. Nikaamini kwamba Bwana ameondoa mkono wake juu yangu, na kwamba ananiaibisha mbele za watu kwa kosa ambalo hata hanionyeshi. Mke wangu akawa ndiye anayeombea chakula. Mimi niliinamisha kichwa tu.

Kisha dada yangu akafariki huko Kuresoi. Dada huyu ndiye aliyenibeba mgongoni nikiwa mtoto, na aliomba siku yake ikifika nimpigie tenzi alizozipenda. Asubuhi ile kulikuwa na ukungu na baridi ya kule mnayoijua. Nilisimama kando ya kaburi, nikapuliza. Noti ya kwanza ikatoka. Ya pili ikapiga kelele, ya tatu haikutoka kabisa. Watoto wakacheka, wakanyamazishwa. Kwaya ikaingilia kwa huruma, ikamaliza bila mimi. Ndugu zangu, nilirudisha saksafoni kwenye sanduku nikasema moyoni, basi. Sitapiga tena. Aliyenipa amechukua.

Wafula alikuwa amekuja kunifariji. Tulipoketi hemani na vikombe vya chai, akavuta sanduku, akafungua bila kuniuliza. Hakuipuliza. Alibonyeza tu kifuniko kimoja, akakiachilia, akasikiliza kinavyobanduka polepole. Akapitisha kidole chini yake, akanusa.

"Mzee," akasema, "hii mlitaka kupiga ama mlitaka kupika?"

Sikucheka.

"Angalia hapa. Hizi ni ngozi, hizi pedi zinaziba matundu. Zimekunywa mafuta zikafura, vumbi limekwama hapa, na hewa inavujia pale. Hata mimi siwezi kupiga hii. Hata malaika! Nani alimwagia?"

Nikamwambia. Aliilaza saksafoni sandukuni taratibu, kwa sababu naye ni mtu wa kusali. Kisha akasema, "Sasa wewe muda huu wote ulidhani ni nini?"

Nililia pale hemani, mzee mzima, na watu wakadhani namlilia dada. Nilikuwa namlilia, ndiyo. Lakini pia nilikuwa namlilia Mungu wangu niliyemdhania vibaya. Nilimfanya mtu wa kununa, wa kumvizia mzee kando ya kaburi. Kumbe alikuwa hajaondoka. Aliyevimba ni ngozi!

Wafula aliibeba hadi Nakuru, akatoa pedi zote, akaweka nyingine. Nilipoenda kuichukua nilipuliza kuanzia juu mpaka chini kabisa, na noti zote zikaja. Katikati ya wimbo pumzi ikaniishia, noti ikakatika. Nikamtazama Wafula kwa hofu ya zamani. Akacheka. "Sasa hiyo ni wewe, mzee. Hiyo haina pedi ya kubadilisha. Vuta hewa uendelee." Nikavuta hewa, nikaendelea. Huo ndio ukombozi wangu, ndugu zangu. Ni mdogo, lakini ni wangu.

Mama Tabitha aliposikia alikuja nyumbani akilia. "Mzee, mimi nilitaka kukusaidia." Nikamwambia, najua, mama, na Bwana alilipokea ombi lako kabla hujafungua chupa ya mafuta. Tukaomba pamoja, na siku hiyo niliomba kwa sauti. Msimlaumu. Mimi ndiye niliyeileta mbele, na nyote mlisema amina.

Wanaoniuliza kama inafaa kumiliki saksafoni ya namna hii, nawajibu inafaa, ukijua kuitunza. Na wewe unayebeba jambo lisiloenda, nyumba, mwili, shamba, na umeambiwa ni kwa sababu ya dhambi yako: mwite fundi, nenda kwa daktari, na uombe. Mungu haoni wivu kwa bisibisi. Usikimbilie kusema amekuacha. Mwamini, hata ukiwa umechoka. Mimi bado nimechoka, na bado yupo.

Asanteni kwa kunisikiliza. Jumapili ijayo nitapiga, Bwana akipenda. Na noti ikikatika, msitafute pepo. Ni mzee wenu tu, anavuta hewa.