Mishale Iliyobaki Kapuni

Katika kivuko cha farasi niliketi nyuma ya mjane Denagi na Windadi, mkuu wa kikosi kinachovuka kupigana na watu wa nyikani.

"Kesho watakimbia," Denagi alisema. "Usiwafukuze, mwanangu."

"Adui akinipa mgongo, mama, nimpungie mkono?"

"Mgongo huo ndio mtego. Wanakuvuta hadi kwenye handaki walilolifunika nyasi. Mume wangu alifia humo."

"Alikuwa na mkuu mjinga."

"Alikuwa na mkuu kama wewe, mwenye haraka na ndevu nzuri."

Askari walicheka. Windadi alizigusa ndevu. Kweli zilikuwa nzuri. Kwetu kila askari hutupa mshale kapuni kabla ya vita, na akirudi huchukua mmoja. Mwaka aliokufa mume wa Denagi niliyaona makapu baada ya kikosi kurudi, yangali yamejaa. Kaka yangu hakurudi kuchukua wake.

"Nikisimama wataniita mwoga," alisema Windadi.

"Waache wakuite. Mwanangu Mihraki yumo kikosini mwako, na ndiye niliyebaki naye."

Kivuko kiligota ukingoni. Windadi alivuta hatamu ashushe farasi. Denagi alikuwa ameishika upande wa pili, na hakuiachia.