Mama Mipaka na Wiki ya Kutokuwepo

Ijumaa hii, tarehe thelathini Juni, mratibu mkuu wa miradi anaaga Idara ya Majengo baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi. Mimi ni msaidizi wake. Nimeombwa niandike wasifu huu wa kuchapishwa kwenye ratiba ya hafla, na ninauandika nikiwa bado nimeduwaa. Si mimi peke yangu. Fundi wetu mkuu wa mabomba, mtu mzima mwenye wajukuu, aliposikia tarehe alijibwaga juu ya mfuko wa saruji na kusema, "Haiwezekani. Huyu mama anastaafu vipi?" Ungedhani kuzeeka ni jambo la watu wa idara nyingine.

Aibu yetu ni kubwa kwa sababu kazi yetu ni kuona mambo kabla hayajatufika. Kila baada ya miezi michache tunakaa kupima hatari za mradi: mvua kuja mapema, saruji kuchelewa, mkandarasi kutoroka. Kila mara mama alituambia tuongeze ubaoni kwamba mratibu ataondoka. Kwa heshima tuliongeza, kisha tukaandika pembeni: uwezekano mdogo. Hebu fikiria! Hatari ni jambo linaloweza kutokea au lisitokee, lakini kustaafu kuna tarehe. Wataalamu wazima tulikaa tukakubaliana kwamba mama huyu hana dalili ya kufikisha miaka sitini, na hakuna aliyeona kwamba hiyo ni sawa na kumwombea afe mapema. Yeye aliona. Alicheka mpaka akafuta machozi kwa ncha ya mtandio.

Alianza kazi stoo, akipima misumari na kugawa makoleo. Kutoka hapo alipanda hadi kuwa msimamizi wa eneo la ujenzi, kisha mratibu. Jina la Mama Mipaka alilipata kwenye ujenzi wa zahanati. Kila mkubwa aliyepita alikuwa na ombi dogo: ukuta, halafu geti, halafu kibanda cha mlinzi, halafu choo cha mlinzi. Siku mtu alipoomba bustani, mama aliweka kalamu chini na kuuliza, "Jamani, tunajenga zahanati au tunajenga mji?" Tangu siku hiyo hakuna mradi ulioanza kabla hajaandika mipaka yake: kilichomo, na hasa kisichokuwamo. Alisema mradi usio na mipaka huvimba kama unga wa maandazi, na ukishavimba hakuna anayekumbuka ulianza na nini.

Wengi wetu tulijifunza kazi hii kwa maneno yake, si ya vitabuni. Mnyororo wa kazi zinazobeba mradi mzima alitufundisha kwa chai. Ukiwa na wageni, osha vikombe upesi utakavyo, panga sahani, kata mkate. Kama maji hayajachemka, wageni hawanywi. Basi kila asubuhi alipoingia kwenye eneo la ujenzi hakuuliza habari za vikombe. Aliuliza, "Maji yetu leo ni yapi?" na kila mtu alijua anaulizwa kuhusu kazi ile ambayo ikichelewa, mradi wote unachelewa. Kuhusu wadau alikuwa mkali zaidi. Mhandisi mmoja alimwambia kwamba bibi jirani hahusiki na ujenzi wetu. Kesho yake bibi alileta kigoda akakaa mbele ya lori la kokoto, akaanza kuchambua mchele. Mama alimtazama mhandisi tu. Mhandisi akaenda kuomba radhi.

Lakini kilichotufanya tumchukie, niseme kweli, ni Wiki ya Kutokuwepo. Kabla ya kukabidhi mradi wowote, kila kiongozi wa kazi alilazimika kukaa nyumbani juma zima na simu imezimwa, ili tuone ni kitu gani kitasimama bila yeye. Tulilalamika weee. Fundi wa mabomba alisema mkewe atamfukuza. Mama hakulegeza kamba.

Mwanzoni mwa mwezi huu aliifanya mwenyewe, bila kumwambia mtu. Tulifika Jumatatu, kiti chake kitupu, simu haipatikani. Tulidhani amefiwa. Tulidhani anaumwa. Kufikia mchana nilikuwa nimeshaanza kuuliza hospitali gani twende, ndipo karani wa mapokezi akasema polepole, "Jamani, si itakuwa ile wiki yake?" Tukatazamana kama kuku waliomwagiwa maji.

Na ilikuwa wiki mbaya kuliko zote. Jengo jipya la wazazi lilikuwa lifunguliwe Alhamisi ile. Mahema yalishasimikwa na wageni walishaalikwa. Katika wodi ya zamani paa lilikuwa linavuja, na kina mama walikuwa wanalala wawiliwawili kitandani. Muuguzi mkuu alikuwa amepanga nani ahamishwe kwanza. Kilichobaki kilikuwa jaribio la mabomba ya oksijeni, na jaribio lilikuwa linakataa. Tunajaza hewa, tunafunga, na mshale wa kipimo unashuka. Haukuporomoka, uliteremka taratibu, bila haraka. Fundi akasema ni kidogo. Mkurugenzi wa idara yetu akasema kidogo hakizuii ufunguzi, kitarekebishwa baadaye. Chumbani tulikuwa wengi, na wote, wallahi, tuligeuka kuangalia mlangoni, pale ambapo mama husimama na mikono nyuma. Hakuwepo.

Nikasikia mtu anasema, "Hapana, Mkurugenzi. Jengo halijakamilika. Hatufungui." Nilishtuka, maana sauti ilikuwa yangu.

Mkurugenzi alinikata jicho ambalo silisahau. Yeye niliweza kumvumilia. Aliyenivunja moyo ni muuguzi mkuu, aliyeniambia kwa upole, "Mwanangu, unajua wanangu wanalala wapi usiku wa leo?" Nilijua. Nilimwomba msamaha, na sikubadilisha neno. Mahema yakang'olewa, wageni wakapigiwa simu, na nikaenda kukaa ngazini nikiwa na hakika kwamba nimejimaliza.

Siku ya pili tulibandua vigae vya chumba cha watoto wachanga. Nyuma ya ukuta, palepale ambapo vitanda vyao vidogo vingepangwa, tulikuta kiungo cha bomba kilichochomelewa upande mmoja tu. Upande wa pili ulikuwa na upenyo mwembamba, ukipumua; oksijeni ingejaa pale, na cheche moja ingetosha. Fundi wa mabomba alikishika kwa vidole na kusema, "Mungu wangu." Hakuna aliyetania siku ile. Mkurugenzi alikuja akakitazama, akanishika bega akaondoka.

Jumatatu iliyofuata mama aliingia na mkoba wake kama kawaida. Hakuuliza habari za mahema wala za wageni. Aliuliza, "Nani aliyesema hapana?" Wakanionyesha. Alinitazama kwa namna ya mtu anayesoma kipimo. "Haya," akasema, "basi mimi naweza kwenda." Mchana huohuo alichukua likizo yake iliyobaki, akatuacha midomo wazi.

Jumatano iliyopita mshale ulisimama. Tulijaza hewa, tukafunga, tukasubiri, na haukuteremka hata unywele mmoja. Jioni kina mama walianza kuhamishwa, kila mmoja na kitanda chake. Sote tulikuwa tunasubiri simu ya Mama Mipaka, kwa sababu haijawahi kutokea jaribio asilolipigia simu. Haikulia. Mwishowe uvumilivu ulinishinda, nikampigia mimi. Akapokea mumewe.

"Amelala," mzee akasema.

Moyo ulinipasuka. Nikamtaja Mungu kwa sauti. Mzee naye akagundua alivyonishtua, akaharakisha: "Hapana, mwanangu, amelala usingizi. Tangu mchana. Tena anakoroma. Mimi mwenyewe nimekaa hapa namshangaa, maana tangu nimuoe sijamwona akilala mchana siku ya kazi. Nimwamshe?"

Nilimwambia amwache. Nilirudi nikawaeleza wenzangu, na wale watu wazima, fundi wa mabomba akiwa wa kwanza, wakaanza kuongea kwa kunong'ona, ilhali kwake ni mwendo wa nusu saa kwa gari.

Ahsante, mama, kwa miaka yote uliyokesha kwa ajili yetu. Tunakuombea afya, furaha na mchana mwingi wa namna ile. Jengo liko wazi, na watoto wawili wameshazaliwa humo. Lala tu. Tutakuambia ukiamka.