Bosi Utumishi wa Yotham Matonya

Mchungaji, wazee wetu shikamooni, ndugu na majirani wa Area D, mimi ni Meshack, shemeji wa marehemu, kaka yake mjane Loisi, na najua wapo wanaojiuliza kwa nini historia hii haisomwi na kaka yake Msafiri aliyeketi pale, nami nawaomba mnivumilie, jibu limo humu humu.

Ndugu yetu Yotham Matonya alizaliwa Hombolo tarehe 14 Machi 1986, mtoto wa nne wa Mzee Matonya na Mama Paulina, akasoma shule ya msingi huko huko kuanzia mwaka 1994 hadi 2000, jioni akifukuza ndege kwenye zabibu za baba yake, akamaliza kidato cha sita mwaka 2007, kisha akajiunga na chuo kikuu pale Chimwaga mwaka 2008, akamaliza masomo ya sosholojia mwaka 2011.

Kuhusu kazi, hapo ndipo nilipoingia mimi. Kwenye semina ya wahitimu waliambiwa kwamba mtafuta kazi asingoje tangazo, ajenge urafiki na watu wa utumishi mapema, awasalimie, wamjue kwa jina, na Yotham, mtu wa kushika neno, siku ya Ijumaa tarehe 2 Septemba 2011 akaingia ofisini kwetu hapa mjini kumtafuta afisa utumishi. Mimi nilikuwa karani wa masijala, kazi yangu kupokea barua na kuzipanga kwenye majalada, ila wiki ile masijala ilikuwa inapakwa rangi, meza yangu ikawekwa chini ya kibao cha Utumishi, na siku hiyo, jamani, nilikuwa nimevaa tai kwa ajili ya sherehe ya sendofu ya binamu yangu jioni. Akanikabidhi kishada cha zabibu kwa mikono miwili, akaniita bosi, nami nikaitika. Hakuna mtu aliyewahi kuniita bosi, hata mke wangu.

Rangi ilipokauka nikarudi masijala, naye akanifuata huko kila Ijumaa, akiamini majalada yale yote ni wingi wa madaraka yangu. Msimu wa zabibu ukiisha alileta karanga, akaulizia watoto wangu kwa majina, akaondoka akisema, "Bosi, usinisahau," nami nikimwambia avute subira, mambo yako jikoni. Mambo gani! Hata hilo jiko sikuwa nalo. Afisa utumishi mwenyewe, Mama Nasra, alikuwa mlango wa pili, na Yotham alimwamkia kila wiki akidhani ni sekretari wangu.

Mwezi wa tano mwaka 2012 Mama Nasra aliniuliza mbele ya Yotham huyu mgeni wangu ni nani, nikakosa pa kuficha uso, nikamwambia Yotham kwamba mimi ni karani tu. Liko jambo jingine sikumwambia siku hiyo, nitalisema kabla sijakaa. Ijumaa tatu hakuonekana, nami niliumia kuliko nilivyotegemea. Ya nne akaja na mifuko miwili ya karanga, mmoja akampelekea Mama Nasra akisema huu ni wa kutafutia kazi, wa pili akaniwekea mezani, "Huu ni wako, Bosi." Mama Nasra alimrudishia ule wake, akamwambia hapa kazi inaombwa kwa barua, akamkalisha, akamsahihishia barua yake mstari kwa mstari. Mifuko yote miwili nikaila mimi.

Tarehe 1 Julai 2013, baada ya usaili, aliajiriwa kuwa afisa maendeleo ya jamii wilayani Bahi, akatumika huko hadi mwisho, na kijana yeyote aliyekwenda kwake kuulizia kazi alimtania kwanza ahakikishe anayemsalimia ni nani. Nyumbani kwangu alianza kuja kwa ajili yangu, akaendelea kuja kwa ajili ya dada yangu Loisi, wakafunga ndoa tarehe 6 Desemba 2014, wakajaliwa Miriam mwaka 2016 na Anthony mwaka 2020.

Alianza kuugua figo Agosti 2023, akatutoka Jumatano tarehe 11 Juni 2025, saa nne asubuhi, hospitalini hapa Dodoma. Siku mbili kabla alimwambia kaka Msafiri kwamba historia yake isomwe na Bosi Utumishi. Kaka akadhani ni mkubwa fulani wa Bahi, akalitafuta jina kwenye simu ya marehemu, akalipata, akapiga, na simu ikaita mfukoni mwangu, nikiwa nimekaa naye jamvi moja.

Sasa lile jambo. Machi 2012 tangazo la nafasi ya kazi uliyosomea, Yotham, lilipita mikononi mwangu, likakaa mezani siku kumi na nne, nikaogopa kukuonyesha, kwa sababu barua ungeipeleka kwa Mama Nasra na ungenigundua. Nafasi ikafungwa, nawe ukakaa zaidi ya mwaka bila kazi. Miaka kumi na tatu tumekula sahani moja sikuweza kulisema, nalisema leo hunisikii, na hilo linaniuma sana, shemeji yangu, nisamehe.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani mliopika na kukesha nasi, wafanyakazi wenzake wa Bahi, na Mama Nasra, ambaye amestaafu lakini amefika.

Pumzika kwa amani, Yotham. Aliyekusomea ni Meshack, karani wa masijala.