Wilhelmina Hyera na Mkono Alioutoa Kwanza

Mama yetu, Wilhelmina Hyera, alizaliwa tarehe 14 Agosti 1966 Litembo, Mbinga, akiwa mtoto wa pili kati ya sita. Shule ya msingi aliimaliza hukohuko mwaka 1980. Baada ya sekondari alisomea uuguzi, akafuzu mwaka 1988.

Mwaka uliofuata alipangiwa kazi Rufiji. Alikuja kwa mwaka mmoja, akakaa maisha. Tarehe 26 Septemba 1992 alifunga ndoa na Mwalimu Hilari Kapinga wa Ikwiriri, wakajaliwa watoto watatu.

Kazi yake kubwa ilikuwa kuhudumia wagonjwa wa ukoma. Juni 2014 aliambatana na watafiti hadi Kiongoroni, kijiji cha delta ya Rufiji. Walitaka kujua jinsi ngozi inavyohisi mguso, na kama umeme hafifu wa betri ungeweza kuonyesha ganzi ya ukoma kabla mtu hajaigundua. Vibati viwili vilibandikwa kwenye ncha ya kidole, umeme ukaongezwa polepole mpaka mtu aseme, "Nasikia."

Watu waligoma. Mzee Mwinyimvua wa hapo kijijini alisema, "Sista, umeme wa taa hatujauona, nyie mnatuletea wa mwilini?"

Kila mtu akacheka, na mama akacheka nao. Kisha akakaa kwenye kiti, akatoa mkono wake. Kwenye kidole cha shahada alisikia mara moja. "Kama sisimizi anapita," akawaambia. Wakahamia kidole cha mwisho. Mtafiti akaongeza umeme, akaongeza tena. Mama akakitazama kidole, akatikisa kichwa.

"Sista, unatutania?" aliuliza Semeni, mama mmoja mkata mikoko.

Angeweza kusema kifaa kibovu. Alijua dalili ile kuliko yeyote pale. "Sitanii, Semeni. Kidole hiki sisikii kitu. Huenda na mimi ninao ukoma, na kama ninao, nitakunywa dawa nipone."

Siku ile watu arobaini na watatu walipanga foleni, Mzee Mwinyimvua akiwa wa kwanza. Sita walikutwa na ganzi ambayo hawakuwa wakiijua, Semeni akiwemo. Vipimo vilithibitisha ukoma, wakatibiwa mapema, na mikono yao inafanya kazi hadi leo.

Ukoma wa mama nao ulithibitishwa. Alipofika nyumbani alimweleza baba kabla hata ya kuvua viatu. Baba akamjibu, "Basi dawa utakunywa kwa saa, mimi nitakukumbusha." Akampakulia chakula, wakala sahani moja. Baada ya mwaka alimaliza dozi akiwa amepona, na hakuacha kazi.

Novemba 2024 alianza kusumbuliwa na figo. Alitibiwa Kibiti, kisha Dar es Salaam, akawa anawaelekeza wauguzi namna ya kumtafuta mshipa. Alifariki tarehe 9 Machi 2025, saa nne asubuhi, baba akiwa amemshika mkono.

Ameacha mume, watoto watatu, Zefania, Consolatha na Yasinta, wajukuu wanne, na ndugu zake wawili. Bwana ampokee mtumishi wake, naye apumzike kwa amani.