Kitonga Muthoka na Wimbo wa Kuaga Uliobaki Bila Kuimbwa

Marehemu Kitonga Muthoka alizaliwa tarehe 9 Mei 1967 Shimba Hills, mtoto wa kwanza wa Muthoka na Kavata, waliohamia huku kutoka Machakos kutafuta shamba. Alilia siku nzima mpaka nyanya yake, Ndulu, alipoigonga kwa vidole ngoma yake ya kilumi, ya matambiko ya Wakamba. Hapo akanyamaza, akasikiliza. Mama yake hakuipenda dalili ile.

Alisoma shule ya msingi kijijini, kisha sekondari huko Kwale, akamaliza mwaka 1985. Kinanda alifundishwa kanisani. Ngoma alifundishwa na nyanya, pamoja na sharti lake: nyimbo za kilumi huwaita waliotangulia, na wakishaitwa ni lazima waimbiwe wimbo wa kuwaaga, warudi kwao.

Mwaka 1988 aliajiriwa kupiga kinanda katika hoteli moja ya Diani. Mgeni mmoja alimwachia kompyuta, naye akajifunza kutunga nayo. Mwaka 1996 alirekodi ngoma ya nyanya na sauti yake akiimba wimbo wa kuita, akashona nyaya ndani ya mkeka na kuziunganisha na kompyuta. Aliyeukanyaga aliiamsha ngoma, na picha za wachezaji zikafuata miguu yake kwenye kioo cha kompyuta. Kila mtu alijitungia wimbo kwa hatua zake. Jirani yake, Mzee Tsuma, alipoukanyaga aliruka hadi mlangoni.

"Lo! Nyinyi Wakamba mnafuga nini humu chini?"

"Karibu tena, mzee, hawali mtu," Kitonga alicheka.

Nyanya hakucheka. Wimbo wa kuaga alikataa urekodiwe.

"Ule huimbwa watu wakiondoka. Mashine yako haiondoki."

"Basi, Susu, tutaumaliza siku nyingine," Kitonga alimwambia nyanya.

"Walioitwa hawajui siku nyingine, mjukuu wangu."

Kitonga alifunga ndoa na Dianah tarehe 14 Desemba 1991, Ukunda. Walijaliwa binti, Kavata, jina la nyanya yake mzaa baba. Dianah aliukunja mkeka kila mara mtoto alipoingia sebuleni.

Baada ya ghasia za Agosti 1997 hoteli zilifungwa, Kitonga akabaki nyumbani na mashine yake. Mvua kubwa zikapenya paa, maji yakaingia kwenye nyaya, mkeka ukawa unalia bila mguu. Januari alishikwa na malaria. Mama yake alikuwa akimpa uji ngoma ilipolia sebuleni.

"Mama, nani amepita?"

"Hakuna mtu, mwanangu. Ni maji."

"Maji hayashiki mpigo hivyo. Mwiteni Susu aje aumalize."

Dianah alichomoa waya. Nyanya aliitwa, lakini barabara ilikuwa imekatika. Alipofika tarehe 7 Februari 1998, Kitonga alikuwa amefariki asubuhi hiyo hospitalini Msambweni.

Ameacha wazazi, mjane Dianah, binti Kavata, nyanya Ndulu na mdogo wake Musyoki.

Mkeka umetandikwa kando ya kaburi, nyaya zimekatwa. Kabla ya udongo, nyanya ataimba wimbo wa kuaga, na mchungaji ameridhia. Familia inaomba mtu yeyote asiondoke mpaka nyanya aumalize. Aliye karibu na Kavata mdogo amshike mkono, kwa maana tangu juzi mtoto anauimba ule wa kuita, na hakuna aliyemfundisha.

Lala kwa amani, Kitonga. Ukiitwa tena, usiitike.