Fundi Mita, Aliyepima Kila Taa Kabla ya Kuigusa

Marehemu, ambaye mtaa mzima ulimjua kwa jina la Fundi Mita, alizaliwa tarehe 9 Machi 1957, mtoto wa pili wa fundi cherehani na muuza maziwa. Tangu utotoni alikuwa mtu wa papara. Hakuna redio nyumbani kwao iliyosalimika mikononi mwake.

Baada ya shule ya msingi alisomea umeme chuo cha ufundi, akahitimu mwaka 1978. Alifanya kazi kiwanda cha sabuni, kisha akafungua karakana yake nyuma ya soko.

Mwaka 1983 alimwoa mwalimu wa chekechea aliyemletea pasi iliyoungua. Pasi haikupona, lakini mwalimu aliendelea kuja kuiulizia. Walijaliwa mabinti wawili.

Mwaka 2013, sebuleni kwa dada yake mdogo, alikuwa akibadilisha taa za zamani kuweka za LED. Mume wa dada yake alipanda ngazi kumsaidia.

"Una hakika umeme umekatika?"

"Shika tu, shemeji. Nimeshazima."

Alikuwa amezima swichi ya ukutani, basi. Hakupima. Aliyeifunga swichi ile zamani alikuwa ameikosea: ilizima taa, ikauacha waya wa moto na umeme wake. Shemeji alirushwa, akaangukia nyonga. Tangu siku hiyo anatembea na mkongojo.

Hakuna aliyemlaumu, na hilo ndilo lililomtafuna. Akienda kwa dada yake alikaa karibu na mlango, chai hagusi. Akisikia mkongojo ukumbini, alinyanyuka kuaga. Mwishowe alifunga karakana, akasema mikono yake haifai.

Shemeji ndiye aliyemfuata, na boksi la taa za LED zilizogoma kuwaka.

"Nipimie hizi."

"Tafuta fundi mwingine, shemeji."

"Fundi mwingine wa nini, na wewe upo?"

Akafungua tena karakana. Tangu hapo hakugusa waya kabla ya kukata umeme kwenye swichi kuu na kupima, na mita yenyewe, kile kifaa cha kupimia umeme, aliijaribu penye umeme kabla na baada ya kupima. Taa ya LED aliitoa kwenye umeme, akasubiri chaji iliyobaki ndani iishe, akafungua kifuniko, akaweka mita kwenye alama ya dayodi, akapima kila chembe inayotoa mwanga: waya mwekundu kwenye chanya, mweusi kwenye hasi. Ikimeta kidogo, nzima. Mafundi wengi wamejifunzia mezani pake. Wakimsifu, aliinama na kusema, "Mimi nimefundishwa na mguu wa mtu."

Mwaka 2021 moyo wake ulianza kuchoka. Alifariki hospitalini tarehe 14 Juni 2023, mkewe na shemeji yake wakiwa kando. Jioni iliyotangulia alisema kwa shida:

"Shemeji, siku ile mita ilikuwa mfukoni mwangu."

"Najua. Niliiona."

"Uliiona?"

"Ilikuwa imechungulia. Nami nilinyamaza, nilitaka tumalize haraka nikaangalie mpira."

Marehemu alicheka mpaka akakohoa, kisha akalia, akashikwa mkono hadi akalala.

Ameacha mjane, mabinti wawili, wajukuu watatu, dada yake, na shemeji yake, ambaye ndiye anayewasomea maneno haya.

Pumzika kwa amani, shemeji. Mzigo ule ulikuwa wetu wawili.